Mistari Tisa kwenye Nguzo ya Baraza

Kwa miaka kumi na tisa Kimya alitunza nyumba ya mbao iliyo ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo nyaya za umeme hazijafika na simu haishiki mtandao. Jina hilo alipewa kwa utani, maana mdomo wake haujui likizo. Mwenye nyumba alikuja mara mbili kwa mwaka kupumzisha masikio. Siku zilizobaki palikuwa pa Kimya na mkewe, katika chumba cha nyuma, jirani na betri za sola.

Mimi ni dalali. Mwenye nyumba alipozeeka aliniita, akanipa masharti mawili. Akipatikana mnunuzi kabla ya mvua, nyumba iende na mtunzaji wake. Asipopatikana, sola ing'olewe, tangi liuzwe, mlango ufungwe. Kimya hakuwa na pa kwenda. Kiwanja chake cha kwao ndugu zake walishagawana, wakijua harudi.

Nikampata daktari wa meno, mtu aliyechoshwa na simu. Wiki moja kabla hajaja nilimfuata Kimya.

"Mzee, safisha kila kitu. Paka rangi kila palipofifia. Nataka pang'ae kama sahani ya mgeni."

"Mwanangu, hilo nalo la kuniambia?"

"Na mdomo huo, chonde."

"Mdomo nitamwachia mke wangu chumbani."

"Usiniletee!" mkewe akadakia dirishani. "Huu wangu wanitosha."

Siku ilipofika, sikuona pa kumlaumu. Paneli hazina vumbi, betri zimetiwa maji, tangi la mvua limesuguliwa mpaka ndani. Daktari alivua viatu, akakaa barazani, akazima simu ambayo hata hivyo haikuwa na kazi. Akauliza kama asubuhi jua huingia chumba cha kulala. Mnunuzi akishaanza kupanga kitanda, dalali hufunga domo. Nikafunga.

Kisha tukashuka kwenda ziwani. Nyumba ile imesimama juu ya nguzo, na nguzo ya mbele inayobeba baraza ilikuwa na mistari tisa myekundu, mmoja juu ya mwingine, rangi bado mbichi. Miaka yote nimepita hapo sikuwahi kuiona. Ilikuwa imefifia na kushika ukungu.

"Hii nini?" daktari akauliza.

Nilitaka kusema ni urembo. Kimya akaniwahi.

"Hiyo kazi yangu, daktari! Kila mvua zikiisha naweka alama, maji yamefika wapi. Huu wa chini ni mwaka ziwa lilipotufikia mara ya kwanza. Miaka tisa, sijaruka hata mmoja."

"Na huu wa juu?"

"Wa juzijuzi, mwaka jana. Chumba chetu kiko chini kidogo, basi mimi na mama tulilala juu ya meza kama vikombe." Akacheka.

Daktari aliweka kiganja kati ya mstari wa juu na sakafu ya baraza. Nafasi ikajaa. Akarudi kuvaa viatu. Garini aliniambia nimkumbuke nikipata kitu mlimani.

Nikamrudia Kimya. "Mzee, umefanya nini?"

"Si ulisema nipake palipofifia?"

"Sikusema hapo!"

"Ulisema kila kitu." Bado alikuwa ameshika brashi. "Mwanangu, mtu anunue nyumba asijue maji yake?"

Mimi ningemuuzia hivyohivyo, sifichi. Hilo lisingeyazuia maji, lakini angalau Kimya angeyasubiri akiwa na mshahara.

Mafundi walikuja mwezi uleule kung'oa paneli. Mnunuzi wa paneli hizo nilimtafuta mimi. Kazi ni kazi. Kimya aliruhusiwa kubaki chumbani, bila taa wala mshahara, mpaka apate pa kwenda.

Mvua zilipoisha nilifuata tangi. Mkewe alishahamia kwa dada yake, ambako nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Kimya alikuwa barazani, suruali imekunjwa magotini, mbao za sakafu zimevimba chini ya miguu yake. Alishika kopo la rangi. Nguzo ilikuwa imeishiwa nafasi.

"Rangi imebaki kidogo," akasema. "Niweke ukutani?"

Nikamwambia ashike tangi upande ule, tulitoe.