Chakula cha Bahiya

Nasser alikuwa fundi mafriji wa Mtoni, na kabla ya mwaka ule hakuna aliyemjua kwa hasira. Wateja walimsifia upole wake. Friji lililoharibiwa na fundi mwengine, likaletwa kwake limefumuliwa nyaya, alilipokea bila ya kusema neno, akakaa nalo mpaka likanguruma tena. Hasira zilimwingia alipofiwa na mkewe, Mwanamwema. Homa ya siku nne tu, ikamwachia mtoto wa kike wa wiki saba, jina lake Bahiya.

Zilimwingia zikakaa. Aliwakasirikia waliomwambia asubiri na waliomwambia aoe. Siku ya tatu ya msiba mama wa marehemu, Bi Sichana, mkulima wa Pete karibu na msitu wa Jozani wenye kima wengi, alimwendea alipokaa na wanaume wenzake akamwambia taratibu, "Nipe mjukuu wangu nikamlee."

Nasser akamjibu kwa sauti, wote wakasikia: "Mwanangu hendi kulelewa na kima."

Bi Sichana alijitanda kanga yake, akatoka, akarudi Pete. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mtoto akawa anakaa mchana kwa dada yake Nasser, Muzna, huko Malindi, Mji Mkongwe. Muzna ndiye mkubwa wao. Alikuwa mjane, watoto wake wote wako Maskati, na alikaa peke yake kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya wazee wao. Ukoo ule uliwahi kuwa na mashamba ya karafuu. Sasa ulibaki na ghorofa ile na paa linalovuja. Kila asubuhi ya siku za kazi Nasser alimfunga Bahiya kwenye kiti cha mtoto alichokinunua mitumbani, akamtia kwenye kirikuu chake, kigari cha kubebea mafriji, akampeleka Malindi na kopo lake la maziwa. Magharibi akamfuata.

Bahiya alipotimia miezi sita, Nasser alimpeleka kliniki kupimwa. Siku hiyo kulikuwa na somo la chakula cha kuanzia. Wanawake walijaa mabenchini na watoto wao mapajani. Nasser akajibanza mwisho wa benchi. Muuguzi, Bi Salhiya, mwanamke mwenye sauti ya kusikika nje ya ukuta, akamwona.

"Baba, hili somo la akina mama. Mama yake yuko wapi?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Kaburini."

Kicheko kilichokuwa kimeanza mabenchini kikakatika. Bi Salhiya akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Samahani, baba. Kaa usikilize."

Nasser hakuwa na daftari. Alirarua ubavu wa boksi la spea lililokuwa garini, akaandika humo. Boga, karoti na kiazi kitamu vipikwe kwa mvuke mpaka vilainike, visagwe, vichujwe. Papai bivu na ndizi mbivu havihitaji moto. Chakula kipya kimoja tu, kwa siku tatu, ili kikimdhuru ujue ni kipi. Chumvi hapana, sukari hapana. Asali asionje kabla ya kutimia mwaka. Nyuma yake mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu. Nasser akageuka, akamkazia macho mpaka yule mwanamke akaanza kumrekebisha mtoto wake kofia.

Boga lake la kwanza lilikuwa maji matupu, kwa vile alilichemsha kama anayepika mchuzi. Karoti ikabaki na mabonge. Bahiya akapaliwa, akakohoa mpaka uso ukamwiva, na Nasser akamgeuza akimpiga mgongoni. Akazitupa karoti zile na sufuria yake. Asubuhi ilibidi akaiokote sufuria uani, ina bonyeo ubavuni.

Papai likamtoa machozi. Alilikwangua kwa kijiko, laini kama siagi, akampelekea mdomoni. Mtoto akalitema lote likamwangukia babake kwenye ndevu. Akampa tena. Akatema tena.

"Kula basi!" Nasser akapiga kelele. "Kula! Unataka nifanye nini?"

Bahiya akashtuka, midomo ikapinda, akaangua kilio. Nasser akaweka bakuli chini, akatoka nje, akasimama kizingitini amejishika kichwa. Hakumkasirikia mtoto. Alimkasirikia Mwanamwema, aliyelala mchangani akamwachia kazi hii yeye, na kwa hilo akajiona mtu mbaya kuliko wote waliopita njiani jioni ile.

Lakini alikuwa fundi, na fundi hashindwi mara mbili kwa kosa moja. Wiki ya pili alishajua. Aliweka chungio la bati juu ya sufuria ya maji yanayochemka, akalifunika, akaacha mvuke ufanye kazi. Akalisaga boga kwa mgongo wa mwiko, akalipitisha kwenye chujio la waya, akalilainisha kwa maziwa ya mtoto hadi likamiminika polepole. Kisha akafanya lile ambalo Bi Salhiya hakuwafundisha: akalimimina kwenye trei za barafu, akagandisha. Kila Jumapili aliandaa chakula cha wiki nzima. Vipande vya rangi ya chungwa ni boga na karoti, vya njano ni ndizi, vya kijani ni kiazi kilichosagwa na mchicha. Akavipanga kwenye vikopo, akaandika juu siku yake kwa kalamu ya wino mzito.

"Dada, hiki cha Jumatatu," alimwambia Muzna. "Ukiyeyushe, ukipashe moto, upoze. Usitie kitu."

"Ntampa," alisema Muzna, akavitia kwenye friji.

Jioni vikopo vilirudi vitupu, vimeoshwa. Nasser akafurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu msiba.

Bahiya alipotimia miezi saba, alirudi kliniki akitembea kifua mbele. Bi Salhiya akamweka Bahiya kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena. Akaangalia kadi.

"Baba, huyu kapungua. Mwezi uliopita kilo saba kasoro kidogo. Leo sita na nusu. Unamlisha nini?"

Benchi zima likamgeukia. Nasser akasema boga, akasema karoti, akasema papai, akataja kila kitu na siku yake. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Mnanifundisha, nafanya! Nachuja kwa chujio! Usiku silali! Na bado mnanitazama kama nnamuua mtoto!"

Bi Salhiya hakupandisha sauti. Alimvuta pembeni. "Sijakulaumu. Nijibu tu. Akila karoti, choo chake kinakuwaje?"

Swali lile likamkera, lakini akafikiri. Nepi za Jumamosi na Jumapili, siku alizomlisha mwenyewe, zilikuwa na rangi ya chungwa. Mara ya kwanza alishtuka akadhani mtoto anaumwa. Nepi za jioni za siku za kazi? Jumatatu? Jumatano?

Hakuwahi kuiona rangi ile siku za kazi. Hata mara moja.

Alimfunga Bahiya kitini, akaendesha kirikuu hadi Malindi, akapanda ngazi za ghorofa tatu, mtoto kifuani. Aliingia bila ya kubisha hodi.

Muzna alikuwa sebuleni. Mbele yake kulikuwa na birika la chai ya maziwa, bakuli, na paketi ya biskuti iliyofunguliwa. Kijiko kidogo cha mtoto kilikuwa kimeshawekwa ndani ya bakuli, kinamsubiri mwenyewe. Nasser akafungua friji. Kikopo cha siku ile, alichokipitisha asubuhi kabla ya kwenda kliniki, hakikuwamo. Kilikuwa kinakaushwa karibu na sinki.

"Chakula kiko wapi, dada?"

"Nshakitoa."

"Umekitoa ukakipeleka wapi?"

Muzna akachomoa biskuti paketini. "Nasser, kaa kitako. Mtoto hataki vile. Nilimpa siku ya mwanzo akatema. Basi namchovyea biskuti kwenye chai, anakula vizuri, analala. Vile vyako nampelekea jirani, anawapa kuku."

"Kuku?"

"Maboga ya shamba hayo. Sisi hatukulelewa kwa maboga. Mama alitulea kwa biskuti na chai ya sukari, na wewe huyo umesimama mbele yangu mzima."

"Mwezi mzima unanirudishia vikopo vimeoshwa." Sauti ilianza ndogo, jambo lililomtisha Muzna, kisha ikapanda. "Mwezi mzima. Mtoto anajaa chai, maziwa yake hayataki, anakonda, na mimi nakaa usiku nachuja karoti za kuku wa jirani yako!"

"Usinipigie kelele. Mimi dada yako."

"Leo nimesimamishwa mbele ya wanawake thalathini kama mwizi!"

"Na nani alikwambia ukakae na wanawake?" Muzna naye akasimama. "Mwanamme hapiki uji wa mtoto. Watu wanacheka mjini. Nimekuwa nikikusitiri! Tangu ulipokwenda kuoa huko kwenye watu wa msituni umekuwa huambiliki. Sasa unataka na huyu tumkuze kishamba?"

Nasser aliyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, pale msibani, na Bi Sichana amesimama mbele yake na kanga ya msiba. Uso ukamwaka moto. Akakusanya makopo ya maziwa, nepi, kijiko na vikopo vyote, akavitia kwenye mfuko, akamkumbatia mtoto vizuri.

"Hutomwona," alisema, akashuka ngazi.

Wiki ile alikwenda kazini na Bahiya. Mwenye mkahawa mmoja alikataa asiingie jikoni na mtoto. Mwengine alimwambia aje peke yake au asije. Nasser akamwambia basi abaki na samaki wake waoze, akawasha gari. Siku ya nne Bahiya aliharisha, na kwenye kituo cha afya walimwambia ampe maji ya chumvichumvi ya paketi, aendelee na maziwa, asiache kumlisha. Kilichomtibua roho ni kwamba alijua pa kwenda, na hakutaka kwenda.

Siku mbili baadaye, mtoto alipopata nafuu, akenda.

Bi Sichana alikuwa amepiga magoti shambani anapalilia. Nasser akasimama ukingoni mwa tuta, mtoto begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunyanyua kichwa. Akang'oa majani mengine mawili matatu. "Umekuja huku kwa kima?"

"Naam, mama."

"Umekosa pa kumweka."

"Nimekosa. Lakini hata ningepata, lile neno nlilokwambia lilikuwa baya. Nimekuja kukuomba radhi."

Bi Sichana akanyanyuka, mikono imejaa udongo. "Mwanangu nimemzika, siku tatu, na wewe ukanitukana mbele za watu. Unajua nilirudi hapa nikakaa vipi? Nilikuwa nalima boga nalitukana boga. Nilikuwa natia maji ndoo naitukana ndoo." Machozi yalimtoka naye akiwa amekunja uso. "Radhi nitakupa, mwanangu, lakini si leo. Leo nipe mtoto."

Akajifuta mikono, akampokea. Akampima mikononi kama anavyopima muhogo sokoni. "Huyu mwepesi," alisema, na hasira yake ikahamia kwengine.

Jikoni waligombana tena. Bi Sichana alikata boga, akaliweka juu ya majani ya mgomba chunguni, akalifunika. Lilipoiva alilisaga kwenye kinu kidogo cha mti, likawa laini kuliko lililopita kwenye chujio la Nasser. Kisha akanyoosha mkono kwenye chumvi.

"Hapana, mama. Chumvi hapana."

"Kidogo tu, apate ladha."

"Hata kidogo. Na sukari hapana. Na asali hapana, mpaka mwaka."

"Mimi nimelea saba!"

"Na huyu ni wangu, na mimi ndiye niliyesimama kliniki." Nasser hakurudi nyuma. "Nitakuheshimu kwa yote, mama, lakini hilo sitakubali."

Walitazamana, kinu katikati yao. Bi Sichana akakirudisha kichupa cha chumvi mahali pake, kwa kishindo, akasonya. Akampa Nasser kijiko. Bahiya akala vijiko kumi na moja.

Mwezi ule ule Nasser alikodi kibanda barabarani Kitogani, jirani na Pete. Wanunuzi wa samaki wa kusini walikuwa na mafriza yanayokufa kila siku, kazi hakukosa. Asubuhi alimwacha mtoto kwa bibi yake; mchana alikuwa anakuja mwenyewe kumlisha, mikono inanuka mafuta na sabuni. Mtoto alipotimia miezi tisa, mizani ilisoma kilo saba na nusu. Bi Salhiya alisema, "Haya, baba," akamwita akae mbele siku ya somo, aonyeshe wengine trei za barafu. Nasser alionyesha. Hakucheka na mtu.

Muzna alikuja Pete Ijumaa moja, na gauni jipya la mtoto na mfuko wa matofaa. Bi Sichana alimkaribisha, akamtandikia mkeka. Muzna akamwangalia Bahiya, mashavu yamejaa, akalia kweli kweli.

"Nilidhani nafanya vyema," alisema. "Wallahi, Nasser, nilidhani hivyo."

Nasser alisaga tofaa moja lililopikwa kwa mvuke, akalipoza, akampa dada yake bakuli na kijiko.

"Mlishe. Hapa, nikiwa naona."

Muzna akamlisha. Nasser alisimama mlangoni amekunja mikono mpaka bakuli likaisha. Dada yake akapangusa mdomo wa mtoto, akauliza, kwa kuogopa, kama anaweza kumchukua mjini Sikukuu, siku moja tu.

"Siku atakayoweza kunambia mwenyewe alichokula," alisema Nasser, "ndiyo utamchukua."

Muzna akainamisha kichwa. Bi Sichana akamtilia chai.