Siku Kumi na Moja Juu ya Kochi

Mume wangu alipiga simu siku kumi na moja akiomba msaada wa hela, na siku zote hizo mimi nilikuwa nimezikalia.

Sisemi kwa mafumbo. Hela zilikuwa ndani ya kochi, mimi nimekaa juu yake, miguu nimekunja, nasikiliza anavyokataliwa.

Mtanitukana mkimaliza kusoma. Nitasoma maoni yote.

Mimi ni msusi. Mume wangu alikuwa fundi makochi, na nikisema alikuwa, mtaona kwa nini. Tulijuana alipokuja saluni kubadilisha vitambaa vya viti. Wateja walimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo hata baada ya ndoa. Zawadi yake kwangu siku ya harusi ilikuwa kochi la kijani la kukaa watu watatu, alilolitengeneza mwenyewe.

Sasa nije kwa mama yangu.

Nilipokuwa na miaka tisa baba alituhama. Alibeba godoro, akabeba jiko, akachomoa hadi pazia la dirishani. Tulilala sakafuni, sisi watatu na mama. Asubuhi mama akaniambia, "Mwanangu, mwanamke asiye na hela yake ya siri, siku akiachwa anaachwa uchi."

Nilipoolewa hakuuliza kama napendwa. Aliuliza, "Utaficha wapi?"

Benki sikutaka. Ujumbe wa benki unaingia kwenye simu, na Fundi alikuwa na tabia ya kuchukua simu yangu kuangalia matokeo ya mpira. Nikalitazama kochi.

Siku moja akiwa kazini nikalipindua, nikafumua kitambaa cheusi cha chini, nikaweka mfuko. Nikashona kwa sindano yangu iliyopinda, ile ya kushonea nywele, na uzi wa saluni. Upande wa juu, chini ya mto wa kukalia, nikaacha tundu la kupitisha vidole viwili. Kila wiki nilisokota noti nikachomeka humo. Miaka sita.

Ndiyo, nilificha hela ndani ya kochi kwenye nyumba ya fundi makochi. Na nilijiona nina akili kweli kweli.

Tukigombana, nilikuwa naenda kukaa pale, nachomeka vidole kwenye tundu, napapasa, moyo unatulia. Fundi akija kuomba msamaha namwangalia tu. Wa nini? Mimi wangu wa kunibembeleza nilikuwa nimemkalia.

Kisha Jumanne moja kisu cha kukatia sponji kikamponyoka, kikamkata kiganja cha kulia.

"Mishipa miwili inayovuta vidole imekatika," daktari alisema. "Nikiishona ndani ya wiki mbili, atashika mkasi tena. Zikipita, inajikunja yenyewe. Hapo hata mje na gunia la hela sina la kufanya."

Akataja gharama. Kwenye kochi ilikuwemo, na chenji ingebaki.

Tulipotoka nje Fundi akaniuliza taratibu, "Mke wangu, huna chochote mahali?"

"Nitoe wapi mimi? Kwani kusuka kwangu hukujui?"

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuwapigia watu.

Nami nikampigia mama. Mungu ananiona, nilitaka aniambie nitoe.

"Ndugu zake wako wangapi?" akauliza.

"Wanne."

"Basi watoe wao. Mkono ni wake, akiba ni yako. Akishapona akakuacha, utamdai mkono?"

Nikajikausha.

Siku ya tano alikuwa ameshauza cherehani yake na bado haikufika hata nusu. Ndugu zake walikuwa wametoa pole nyingi na hela kidogo. Akaja akakaa kando yangu, bandeji inanuka dawa.

"Hebu fikiria vizuri. Hata kama ni kitu ulikiweka cha dharura, sitakuuliza ulikipata wapi wala lini."

"Unanishuku?" Nikavimba, kisha nikalia. Kulia nilikuwa nakujua. Ikabidi aniombe msamaha yeye, na mkono wake ule.

Siku ya kumi na moja alisimama mbele yangu. "Tuuze hili kochi."

Nikang'aka. "Kochi la harusi yetu? Kila ukiliangalia unaona bei?"

"Nitakutengenezea jingine nikipona."

"Sitaki jingine."

Akauliza, "Umekataa kabisa?"

"Kabisa."

"Sawa," akasema. Akaweka simu mezani. Tangu hapo hakumpigia mtu tena.

Siku ya kumi na nne alishinda uani akifua shati lake kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa. Nilijiambia kesho, na kesho ikaja mkono ukiwa umeshaamuliwa.

Baada ya miezi miwili vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyeshika ufagio. Karakana akaifunga. Asubuhi moja akakunja nguo zake, akaniambia anakwenda kukaa kwa dada yake.

Hakubeba godoro wala jiko. Alichukua begi moja, akaniwekea funguo mezani.

Nitawaambia ukweli wangu wa kikatili: nilihisi nafuu. Nilisema moyoni, mama alijua. Nikafunga mlango, nikalipindua kochi nitoe hela zangu.

Uzi wangu mweusi haukuwepo.

Palikuwa na uzi mnene wa fundi, mishono midogo, imenyooka, inalingana. Mishono ya mkono wa kulia mzima.

Nikaikata. Hela zote zilikuwemo. Juu yake palikuwa na karatasi ya risiti ya karakana, yenye tarehe ya miaka mitatu nyuma. Mwezi ule nilikwenda kumuuguza mama, nikarudi nikakuta Fundi amekaza springi za kochi. Nilipapasa, nikakuta zimo, nikamcheka kimoyomoyo kwamba fundi mzima hajaona.

Alikuwa ameandika: "Mke wangu, uzi wa nywele ulikuwa unakatika. Nimekushonea vizuri zisije zikamwagika mbele ya wageni. Sijagusa hata noti moja. Ni zako, usiogope."

Nilizitia zote kwenye mkoba, nikaenda kwa dada yake. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwa mkono wa kushoto.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuchukua tu?"

"Hazikuwa zangu. Nilisubiri unipe."

Nikamwekea mkoba mapajani. Akataka kuurudisha kwa mkono wa kulia, vidole vikagoma kufunguka. Akautoa kwa wa kushoto.

"Mara ya kwanza nilikuwa naomba mkono wangu," akasema. "Siku ya kochi nilitaka kujua tu kama nina mke. Nenda nazo."

Akaendelea kuchambua mchele.

Wiki iliyofuata mama alikuja. Akakaa kwenye kochi, akaangalia misumari mitupu ya ukutani ambapo Fundi alikuwa akitundika mashati yake.

"Umeona? Si nilikuambia atakuacha?" Akanipigapiga goti. "Usilie. Angalau hujaachwa uchi."

Sikumwambia kitu. Ana miaka sabini, na hiyo ndiyo furaha aliyobaki nayo.

Dada zangu, akiba wekeni, hilo silifuti. Mwanaume aliyechomoa pazia la mama yangu alikuwepo kweli. Lakini mtazameni vizuri mnayemficha, kama ndiye yule mnayemuogopa. Mimi nilimlipisha mume wangu kosa la baba yangu. Nilikusanya hela za kunilinda siku nikiachwa, na hizo hizo ndizo zilizonifanya niachwe.

Ninazo bado, hakuna iliyopungua. Kochi ni la watu watatu, nalikalia peke yangu.