Mbuzi wa mama kwenye mchoro wangu

Leo kijijini Kalemng'orok nimeshindwa na swali moja.

Miaka mitatu iliyopita nilitoa damu ya mbuzi wa mama mmoja, ili nikatafute kirusi kilichokuwa kikiwaua. Leo amenisimamisha barabarani.

"Ejok, daktari," akanisalimu. "Damu ilisema nini?"

Nikafungua simu kwa madaha, nikamwonyesha makala yangu ya utafiti huo kwenye jarida. Nikamwambia wanasayansi wa nchi nyingi wameinukuu.

Akauliza mbuzi wake ni yupi.
Nikamwonyesha nukta moja kwenye mchoro wa matokeo.

Akaigusa polepole.

"Hii ilikufa. Ile ingine yote pia. Hao watu wote wamesoma kufa ya mbuzi yangu, na hakuna mtu amekuja na dawa?"

Wahakiki wa jarida waliniuliza maswali ya kurasa nne, nikajibu yote.

Nyinyi mngemjibu nini mama huyu?
Mimi nilizima simu.