Landrova Iliyosafishwa Kama Kahawa

Kwa miaka ishirini na miwili Jairo alisimama penye mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi chao, upande wa Iyula, akikagua mizigo ya wenzake. Kahawa mbichi ikionekana kwenye ndoo, ndoo ilirudi. Jani likionekana, ndoo ilirudi. Mwaka mmoja alimrudisha shemeji yake mara tatu kwa siku moja, na Krismasi ya mwaka huo walikula meza moja bila kusemeshana. Watu walimnunia, kisha wakampa uenyekiti, kwa sababu kahawa yao ilipanda daraja. Alikuwa mtu mgumu na mwenyewe alilijua hilo, tena kwa raha zake.

Mtu huyu mgumu alikuwa na udhaifu mmoja, nao uliegeshwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa Landrova ndefu ya marehemu baba yake, Wiliam, aliyoinunua mwaka 1976 kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifungasha virago. Ilibeba magunia, mabibi harusi, wagonjwa na majeneza ya nusu ya kijiji. Giaboksi ilipokufa, miaka kumi na saba iliyopita, abiria waliobaki ni kuku. Wanunuzi wa vyuma chakavu kutoka Tunduma walipita kila kiangazi na mizani yao, na kila kiangazi Jairo aliwafukuza. Gari la baba, aliwaambia, litatoka hapa likiwa gari.

Alipofikisha miaka sabini na moja, akaanza kuogopa. Alijua kwamba akifa, watoto wake wataliuza kwa kilo kabla ya arobaini. Basi akaamua kuliuza mwenyewe akiwa bado na macho, kwa mtu atakayelitia tena barabarani.

Binti yake Goodness akatuma picha kwa Ezron, fundi wa Chapwa, karibu na mpaka wa Tunduma, anayefufua Landrova za zamani. Ezron alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Usiguse kitu, mzee wangu. Nitalichukua kama lilivyo. Jumamosi ya wiki ijayo niko hapo."

Jairo alikata simu akatabasamu. "Kijana ana adabu," alimwambia mkewe, Roda. "Ameona aibu kuniambia kwamba gari ni chafu."

"Baba Goodness, mtu amesema usiguse."

"Na mnunuzi wa kahawa akikwambia usichambue, utampelekea na majani yake?"

Roda alikuwa ameishi na mtu huyu miaka arobaini na minne. Alirudi kwenye maharage yake.

Kwa siku nane Jairo alifanya kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kumwona akiifanya kwa furaha kiasi kile. Alitoa kuku na mavi yao. Alisugua bodi kwa majivu na sabuni, akalipiga rangi ya kijani, ile ya mageti. Aliazima grenda kwa mchomeleaji akalala chini ya gari kuondoa kutu kwenye chesisi, hata pale ambapo mnunuzi hatainama kutazama, kwa kuwa uchafu wa chini ndio huwaumbua watu. Ndani, karibu na usukani, kulikuwa na kibati kilichofunikwa na mafuta na kutu. Alikisugua kwa msasa mpaka kikang'aa kama kijiko.

Jumamosi Ezron alikuja na Fuso na vijana wawili. Alipoiona Landrova alinyamaza. Jairo aliuchukua ukimya ule kama sifa.

"Shikamoo mzee," Ezron alisema hatimaye.

"Marahaba. Karibu. Zunguka uone."

Ezron alizunguka. Alifungua mlango, akakitazama kile kibati. Akalala chini upande wa kulia, akapapasa chesisi kwa vidole, akawasha tochi ya simu, akapapasa tena. Alipotoka mgongo wake ulikuwa umejaa vumbi jekundu.

"Mzee, hapa palikuwa na namba."

"Palikuwa na kutu."

"Chini ya kutu kulikuwa na namba ya chesisi. Na kwenye kibati pia."

Jairo aliingia ndani akarudi na kadi ya gari, imehifadhiwa ndani ya Biblia tangu enzi za baba yake. Namba ilikuwemo, imeandikwa vizuri. Ezron aliisoma na kumrudishia kwa mikono miwili.

"Kadi yako ni nzima, mzee. Gari ndilo limepoteza jina. Wakaguzi watatafuta namba hii kwenye chuma, wasiione. Na kule kwetu mpakani, gari lililosagwa namba ni la wizi. Sitaweza kuliweka barabarani, wala fundi mwingine hataweza. Naweza kulichukua kwa vipuri tu. Injini, milango, ekseli. Tutafungua hapa hapa, tupakie."

Jairo aliona aibu kama hajawahi kuona. Alitaka kusema kwamba hakuambiwa, lakini alikuwa ameambiwa, na Roda alikuwa amesimama pale pale mlangoni.  Roda alimhurumia.

"Chukua," Jairo alisema. "Ila msilifungulie hapa. Lipandisheni zima. Mkafungulie huko mbele."

Ilikuwa kazi ya bure, na vijana walimtazama bosi wao. Ezron aliwaambia walete minyororo.

Fuso lilipita katikati ya kijiji saa tisa, Landrova ikiwa mgongoni, kijani tupu, inang'aa. Watu walitoka madukani. Priska muuza vitenge alipiga vigelegele. Jumapili, nje ya kanisa, walimpangia Jairo foleni ya kumpa mikono: hongera mzee, umeliuza likiwa kama jipya, baba yako angefurahi.

"Asante," Jairo alimjibu kila mmoja. "Asanteni sana."

Roda alikuwa kando yake, ameshika vitabu vya nyimbo. Alimsikia akidanganya kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, akamshika mkono mbele za watu.