Alama Juu ya Mlango wa Shemasi

Kwa miaka minne milango yetu ilipakana pale Jeppestown, kusini kabisa mwa Afrika, wangu na wa Shemasi. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao mwembamba mno, akipiga chafya yeye, mimi ndiye ninayemtakia afya. Sote tulikuwa mafundi cherehani. Yeye alitoka Bukavu, na kanisani kwao Malvern alikuwa shemasi, nami nikamwita hivyo hivyo kama walivyomwita waumini wenzake. Yeye aliniita Shehe. Sikuwa shehe wa kitu chochote. Nilikuwa mtu wa Tanga niliyesoma chuo cha Kurani nikahitimu, halafu nikawa sijui kunyamaza.

Ugomvi wetu wa kila siku ulikuwa juu ya falme zilizokwisha kufa. Yeye alianzia Misri kwa Firauni, akapita Babeli, Uajemi na Uyunani, akaishia Roma, ambako, alisema, waliwatupia simba Wakristo na baadaye Kaisari mwenyewe akataka ubatizo. Mimi nilishika upande wangu: Warumi wa mashariki na Waajemi, walivyotwangana mpaka wote wawili wakaishiwa pumzi, ndipo Waarabu wakatoka jangwani na kuwakuta hoi. "Shehe, weye unapendaka vita," alikuwa akisema kutoka upande wa pili wa mbao. Nami namjibu kwamba yeye anapenda mapigo kumi. Wateja waliokuja kupunguziwa suruali walidhani tunakaribia kushikana mashati.

Hadithi moja tu hatukuigombania. Ilikuwa yangu, lakini yeye ndiye aliyeiomba kila mara. Ni ile ya Waislamu wa mwanzo walioteswa Makka, wakavuka bahari kukimbilia Habasha kwa mfalme Mkristo waliyemwita Najashi. Watu wa Makka wakatuma wajumbe na zawadi za ngozi nzuri nzuri: tupe watu wetu, ni watoro. Najashi akawaita wale wageni mbele yake akawasikiliza. Walipomsomea habari za Mariamu na mwanawe, akalia mpaka ndevu zikalowa. Ngozi akazirudisha, na wageni akawaambia wakae kwa amani. Shemasi alikuwa akisimamisha cherehani hapo, anaguna, kisha anauliza ngozi zenyewe zilikuwa za mnyama gani. Alikuwa fundi, hakuweza kujizuia.

Mwaka huo, 2019, baridi ilipoanza kuondoka, walipita wanaume watatu na daftari. Walikuwa wamevaa vizuri, na heshima wanayo. Walisimama kila mlango wakauliza duka la nani na mwenyewe katoka wapi, wakaandika. Niliwajibu kwa Kizulu changu cha kuungaunga. Shemasi aliwajibu kwa Kifaransa, Kiingereza na tabasamu. Walipoondoka akabaki amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni.

"Firauni naye alianzaka vile," alisema. "Alianza kwa kuhesabu watoto wa wageni. Roma pia. Ukiona wanahesabu watu, ujue kuko kitu."

"Labda ni manispaa," nikasema. Sikuamini hata mimi.

Tangu siku ile simu zetu hazikutulia. Ujumbe ulitoka kwa Watanzania, kwa Wakongo, kwa Warundi: wenyeji wanakutana, wanasema wageni wote watoke, wataanza wiki hii, hapana, Jumatatu ijayo. Mwingine ukaja na picha ya moto, kisha ikajulikana picha ni ya zamani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi niliogopa, sioni haya kulisema. Nilikuwa nimekwisha kuona maduka yakivunjwa mwaka 2015, miezi mitatu tu baada ya kufika mjini, na nilijua sauti ya mlango wa bati unapopigwa kwa nyundo. Mtaani mambo yalikuwa vilevile, magari yalisimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, wanawake waliuza mahindi ya kuchoma. Lakini wateja walikuja wachache, na waliokuja walitaka nguo zao siku hiyohiyo, hata kama hazijaisha.

Ijumaa asubuhi Shemasi alinigongea ukuta kwa ngumi.

"Shehe! Kuja uone! Kuja uone kazi ya Mungu!"

Nikatoka. Juu ya mlango wake, kwenye fremu ya chuma, palikuwa na mchirizi wa rangi nyekundu, wa kupuliza, urefu wa mkono. Chini yake rangi ilikuwa imechuruzika kidogo kabla ya kukauka. Nikatazama mtaa wote. Mlango wa tatu ulikuwa nao, na duka la Mhabeshi pale pembeni halikuwa nao. Wangu ulikuwa mtupu.

Shemasi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Damu ya mwana-kondoo," alisema. "Malaika wa kifo akipita, ataona, ataendelea na njia yake. Kama Misri."

"Ni rangi, Shemasi."

"Rangi, ndiyo. Mungu anatumikaka na chenye kiko pale."

Mimi niliusoma mchirizi ule kinyume kabisa. Kwangu ilikuwa alama ya mlango wa kuvunjwa, ili hata asiyejua kusoma daftari asipotee. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia kwa ukali, maana ujinga wa mtu ninayempenda hunitia hasira kuliko ujinga wa adui. Akatikisa kichwa. Basi nikaona nimpige kwa silaha yake mwenyewe. "Kule Misri," nikamwambia, "kila mwenye nyumba alipaka mlango wake mwenyewe. Huu wako kapaka nani? Unamjua?"

Akainua macho kuutazama tena. Nilijua nimemshinda, na nikaenda msikitini kichwa juu.

Niliporudi kutoka sala ya Ijumaa, mlango wangu ulikuwa na alama. Ilikuwa ndogo, imenyooka, inang'aa. Shemasi alikuwa amesimama chini yake na kichupa cha rangi ya kucha ya mkewe, ambaye ni msusi.

"Ulisema kila mwenye nyumba anajipakaliaka," alisema. "Haukuwa pale, nikakusaidia."

Sijawahi kumfokea mtu namna ile. Nilimwambia ataniua. Nilimwambia akaniandikie na jina kabisa, na nchi yangu, na saa ninayofungua. Watu wakatoka kwenye karakana kutazama. Shemasi alirudi nyuma hatua moja, kichupa mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepeleka sahani ya wali kwa jirani ikamwagwa mbele yake. Akaingia kwake, nikasikia cherehani inaanza tena.

Nikaenda kwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, Mzulu, jirani yetu upande wa pili, nikamwomba tina ya kufutia rangi. Akanimiminia kwenye kopo bila kuuliza, akanipa na tambara. Nikapanda kwenye kigoda, nikasugua fremu yangu mpaka chuma kikaonekana. Kazi ya dakika mbili.

Tina ilibaki nusu kopo.

Wakati huo Shemasi alikuwa amefunga na kutoka, kama afanyavyo kila Ijumaa alasiri kwenda kwenye maombi yao. Mtaa ulikuwa na jua bado. Nikahamisha kigoda hatua tatu, nikasimama mbele ya mlango wake, tambara limelowa, linanichoma vidole. Nilikuwa na hakika ya maana ya alama ile. Nilikuwa na hakika pia kwamba yeye Jumatatu atafungua kwa ajili ya alama ileile, akae ndani ashone sare za kwaya akiimba, mlango wazi. Ningeweza kuifuta, naye angenikasirikia mwezi mzima.

Sikuifuta. Nimejaribu kujidanganya kwa miaka kwamba niliheshimu dini yake, au kwamba nilikuwa bado na hasira. Hasira ilikuwepo, lakini sababu haikuwa hiyo. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya woga: wakija kutafuta mlango wenye alama, waukute wa jirani, watosheke, wapite wangu. Niliuacha mlango wa Shemasi uwe zawadi yao. Kisha nikamwaga tina kwenye mtaro, nikamrudishia Mzulu kopo lake, nikaenda nyumbani Doornfontein kwa miguu.

Jumapili ujumbe uliongezeka mpaka nikazima simu. Nilifungasha begi, nikaliweka nyuma ya mlango wa chumba, nikakaa kitandani nimevaa viatu. Wazee walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilikuwa nimeshika wembe.

Jumatatu saa tatu asubuhi nikawasha simu, na palepale ikaita.

"Shehe, haukuje?" Ilikuwa sauti yake, na ugomvi wa Ijumaa haukuwemo ndani yake hata kidogo. "Niko hapa. Nilishafungua. Inchi imetulia. Kuja tuseme habari za Waajemi wako."

Nilisema nina homa. Hapo pia ningeweza kumwambia funga, ondoka, njoo kwangu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kama ningemwambia funga, angeniuliza kwa nini, na ningelazimika kumwambia hesabu niliyopiga Ijumaa nikiwa na tambara mkononi. Nikasema, "Mungu akulinde, Shemasi."

"Alishanilinda," akasema, akacheka. "Kunywa tangawizi."

Walikuja siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri. Hayo sikuyaona, nilisimuliwa na yule Mzulu aliyenipa tina. Alisema walikuwa wengi, wamebeba fimbo na vyuma, na hawakuwa na haja ya kutazama juu ya milango. Walishambulia wenye alama na usio na alama. Wangu ulivunjwa. Duka la Mhabeshi lilimwagwa lote barabarani, unga na sabuni. Mlango wa tatu, uliokuwa na mchirizi mwekundu kama wa Shemasi, ulikuwa umefungwa kwa kufuli mbili, wakaupiga mateke wakauacha. Mpaka leo sijui nani alizipaka alama zile wala alikusudia nini. Shemasi peke yake ndiye aliyekuwa ndani, mlango wazi, akiimba. Hakukimbia. Alinyoosha kidole juu ya fremu, akawaonyesha.

"Eish, mfowethu, ndugu yangu," yule Mzulu aliniambia, akaweka kiganja usoni. Waliukata mkono ule ule kwa panga pale alipokuwa anaonyesha. Kisha wakatia moto vitambaa, naye akarudi ndani kuiokoa cherehani kwa mkono uliobaki mzima. Mzulu ndiye aliyeingia akamvuta kwa mkanda, akampakia kwenye gari la mteja na kumkimbiza hospitali.

Nilimwona siku ya tatu. Alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Mkewe alinipisha kiti akatoka kwenda kutafuta chai. Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba wa kushoto utapona na makovu, na wa kulia hautashika mkasi tena. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Doornfontein, moja baada ya jingine, nikiyarudia chumbani, nikiyarudia barabarani.

Yeye akatangulia.

"Shehe, minataka kukuambia kitu. Ijumaa nilikuona."

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Nilikuwa nasahau Biblia yangu, nikarudia njiani. Nikakuona umesimama mbele ya mlango wangu na kitambaa cha tina. Nikajificha kwa ile gari ya bluu. Nikasema, sasa huyu Muislamu iko na hasira, atafuta alama ya Mungu wangu. Nikangojea." Akameza mate kwa taabu. "Haukufuta. Ulisimama, ulisimama, kisha ukaondoka. Nililia pale nyuma ya gari. Nikasema, huyu haamini, lakini anaheshimu. Njo maana Jumatatu nilifungua na roho safi. Nilijua kama hata weye uliiogopa ile alama."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitoroli cha vyombo. Nilingoja kipite. Kilipita, na maneno niliyoyapanga yote yalikuwepo, hakuna lililopotea.

"Ni kweli, Shehe? Uliheshimu?"

"Ndiyo, Shemasi," nikasema. "Niliheshimu."

Akafumba macho, uso ukatulia. Kisha akasema mgongo unamwasha tangu asubuhi, na mkewe hajarudi, na yeye mwenyewe hana mkono wa kujikunia. Nikainuka, nikapitisha mkono chini ya shati lake, nikamkuna pale aliponielekeza.