Mlinzi Niliyemsingizia

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kurudia mambo. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma mara tatu. Barua ya ukurasa mmoja naiandika mara tano, na nikishaituma naanza kukumbuka koma niliyoisahau. Ndiyo maana tamthilia ya Kikorea ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyoiharibu.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kujaa madukani Songea. Sidii za filamu za kila nchi zilipangwa chini sokoni juu ya turubai, pembeni ya mafungu ya nyanya. Ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambako wazee wetu walikuwa wakipeleka tumbaku, lilikuwa limebaki tupu, na mfanyabiashara mmoja aliyetoka Njombe akalikodi na kulifanya banda la video. Jua likipiga bati mchana, harufu ya tumbaku ilishuka kutoka kwenye kenchi kama vile mzigo bado upo.

Mimi nilikuwa mtafsiri. Nilikaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, nikisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyasema kwa Kiswahili. Shule niliiachia kidato cha pili. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi na daftari kubwa, maneno kumi kwa siku, nikijisahihisha kwa kalamu nyekundu. Sikuwahi kusifiwa kwa jambo lolote hadi nilipokaa kwenye kile kiti. Watu waliniita Mwalimu, mwanzoni kwa utani, baadaye bila utani, na kadiri utani ulivyopungua ndivyo nilivyozidi kuogopa siku watakayogundua kwamba kuna mambo sijui.

Tamthilia ilionyeshwa kila Jumapili saa nane mchana, watu wakishatoka kanisani na kula. Haikuwa ya ngumi. Ilihusu dada wawili. Mdogo alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kwenye wodi yenye mlango wa chuma. Mkubwa alikuwa mwanasheria, mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. Katika sehemu ya kwanza mchumba wa yule mkubwa anakutwa ameuawa, na shahidi anasema alimwona mdogo pale mtaani, amevaa koti lake jekundu. Lakini saa hiyohiyo mdogo alikuwa wodini, na mlinzi mzee amekaa mlangoni na birika lake la chai.

Nguvu ya ile tamthilia ilikuwa kwenye ukimya. Nilikuwa nimezoea filamu ambazo mtu akikasirika anavunja meza. Hapa mama wa wale mabinti alikuwa anaandaa chakula, anaweka bakuli la mtoto aliye hospitalini, anaangalia, kisha analiondoa taratibu. Basi. Hapakuwa na maandishi ya kutafsiri, na mimi nilishusha kipaza sauti. Akina mama wa kwenye mabenchi ya mbele waliguna wote kwa pamoja. Walimpenda pia yule mlinzi, kwa sababu alikuwa akimwachia mgonjwa upande wa benchi wenye jua.

Tatizo lilianza Jumapili ya pili. Mwenye banda alikuwa akinipa diski moja tu kila wiki, asubuhi ya siku ya kuonyesha, akiogopa nitawahadithia watu mwisho. Kwa kawaida niliiangalia kwanza na kuandika maneno magumu kwenye daftari. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa wa mgao, na ukarudi watu wakiwa wameshakaa. Nilitafsiri bila kujua kinachokuja. Sehemu ya nne ikaisha bila kueleza mgonjwa alitokaje kwenye mlango uliofungwa.

Fundi baiskeli mmoja, ambaye hakukosa hata siku moja, akauliza kwa sauti. "Mwalimu, sasa huyu binti katokaje mle?"

"Kapita dirishani," mwingine akamjibu.

"Dirisha lile lina nondo. Wewe ulikuwa unaangalia nini? Mwalimu, katokaje?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Ila niliona nyuso zimenigeukia. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mlinzi alimfungulia. Ni mjomba wake."

Banda zima likatulia. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mjomba akimfungulia mpwa wake mlango, kuna swali gani tena? Nilijisikia fahari. Nilikuwa nimeona tundu kwenye kazi ya watu wa mbali nikaliziba kwa neno moja, na likazibika vizuri kuliko walivyoacha wao.

Kuanzia hapo wakaanza kumchukia mlinzi. Kila alipotokea na birika lake, walimzomea. "Mjomba mnafiki huyo." "Angalia anavyokunywa chai, kama si yeye." Nami nilipaswa kuendelea kuubeba uongo wangu. Mgonjwa alipomwita "bwana", nilisema "mjomba". Usiku nililala nikihesabu sehemu zilizobaki.

Katika sehemu ya kumi polisi wanamkamata mlinzi. Wanamwekea karatasi ya kukiri kwamba alifungua mlango ili kesi iishe. Anakataa. Wanampiga. Anarudishwa kwake akiwa hoi, na kabla ya kufa anamwambia mkewe maneno machache tu, huku mvua inanyesha na kamera haisogei. Lilikuwa tukio bora kuliko yote niliyowahi kutafsiri. Nilikuwa nimeliona asubuhi nikalia peke yangu, kisha nikagundua nitakachotakiwa kusema mchana, na machozi yakakauka.

"Sikufungua mlango," nilisema kwenye kipaza sauti.

Wakacheka. Walicheka hadi wa nyuma wakapiga mabati. "Mwongo hadi kaburini!" fundi baiskeli akapaza sauti. Kwenye televisheni mke alikuwa anamfunika mumewe uso. Mimi nilitazama kipaza sauti kwa sababu sikuweza kutazama kwingine.

Wiki zilizofuata sikula vizuri. Najua, alikuwa mtu wa kwenye filamu, aliyelipwa na kwenda nyumbani kwake. Lakini yule mzee alikufa kwa kukataa neno lilelile ambalo mimi nilimtwisha bila kupigwa hata kofi.

Jumapili ya mwisho nikapewa diski ya mwisho, nikaiangalia mara mbili. Mlango haukuwahi kufunguliwa. Aliyeua na kuonekana mtaani alikuwa dada mkubwa, amevaa koti la mdogo wake, na akili yake imelisahau tukio lote. Tundu nililoliziba halikuwa tundu. Hadithi nzima ilisimama juu ya ukweli kwamba mlango ulifungwa na mlinzi alisema kweli. Kama mlinzi ni mjomba aliyefungua, mwisho haueleweki hata kidogo, na watu wangesema Wakorea hawajui kutunga.

Nilikaa kwenye banda tupu na daftari langu, nikijaribu kutunga uongo wa pili wa kuushikilia wa kwanza. Nilikuwa nimefuta mistari sita pale alipoingia mama mmoja wa Ruhuwiko, muuguzi mstaafu, aliyewahi kila wiki ili apate nafasi ya kuegemea ukuta. Alibeba mto wake wa kukalia kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni kazi."

Akaketi, akaweka mto sawa. "Ni yule mjomba," akasema.

Nilifunga daftari.

"Mimi nasoma yale maandishi. Kiingereza tulifundishwa na masista, na walikuwa wakali. Siku ile hapakuandikwa mjomba popote. Nikajiambia, huyu kijana ngoja nimwangalie, tuone atatokaje."

Nilitamani sakafu inimeze. "Kwa nini hukusema, mama?"

"Niseme nini mbele za watu? Nikuvue nguo? Na mimi nilicheka siku ile mzee alipokufa, nisikufiche. Wote walikuwa wanacheka, nikajikuta nacheka. Nilipofika nyumbani sikujisikia vizuri." Akatoa karanga kwenye kitambaa, akanigawia. "Halafu sikuona shida ya mlango hata siku moja. Shida ilikuwa koti."

"Koti?"

"Mgonjwa akilazwa, nguo zake za nje nani anakaa nazo? Ndugu wanarudi nazo nyumbani. Nimekabidhi nguo za wagonjwa kwa ndugu zao maisha yangu yote. Kwa hiyo lile koti lilikuwa kwa dada mtu. Nyie mmekazana na mlango."

Nilimwangalia nikacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alikuwa amefumbua kitendawili chote tangu Jumapili ya pili, akiwa ameegemea ukuta.

"Kwa hiyo mwisho unaujua," nikasema.

"Usiniambie. Nenda kawaambie wao kuhusu mjomba, kabla hujawasha hiyo deki. Hawatakuua. Watakutania tu, na wewe utaniwe kidogo, itakufaa."

Watu walipojaa, nilisimama. Sikuwa nimewahi kuongea pale nikiwa nimesimama. Nilisema yule mlinzi si mjomba, hakuandikwa mjomba, nilibuni kwa sababu niliulizwa na sikujua, na niliona aibu kusema sijui. Nilisema mlango haukufunguliwa. Sauti ilinitetemeka, na kipaza sauti kikaitoa vilevile ilivyo.

Kisha fundi baiskeli akasema, "Kumbe Mwalimu naye huwa anabahatisha."

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo.

"Subirini," mama mmoja wa benchi la mbele akasema. Alikuwa muuza mboga, na mikono ameiweka kiunoni. "Kama hakufungua, basi yule mzee alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tulimcheka anakata roho."

Hapo hakuna aliyecheka. Niliona watu wanaangaliana. Kwetu huku unaweza kugombana na mtu miaka kumi, lakini akifa unakwenda unakaa, unanyamaza. Kucheka msibani ni jambo ambalo mtu atakumbushwa mpaka wajukuu.

"Rudisha," yule mama akasema. "Ile diski ya siku ile. Rudisha tumzike vizuri, ndipo utuwekee mwisho."

Mwenye banda akanung'unika kuhusu muda na umeme, lakini akainama akaitafuta diski kwenye boksi. Nikasogeza hadi kwenye mvua. Mlinzi alikuwa amelala, mkewe amemshika mkono. Wanaume wawili nyuma walivua kofia. Fundi baiskeli alitazama chini. Nilisogeza kipaza sauti mdomoni, nikasema maneno yale yale mawili, na safari hii yalikwenda hadi mwisho wa ghala bila kugongana na kitu.

"Pumzika, baba," akasema muuza mboga.

Baada ya hapo tukaangalia mwisho. Kama mnataka kujua, mwisho una udhaifu, na haujaacha kunikera hadi leo. Mtu anaendesha gari kwenda na kurudi, anafua koti, analikunja, kisha anasahau kila kitu hadi dakika za mwisho anapokumbuka yote kwa mpangilio. Nilisubiri swali hilo liulizwe, na likaulizwa, na fundi baiskeli.

"Mwalimu, anasahauje mtu vitu vyote vile?"

"Sijui," nikasema. "Hawajaeleza."

"Haya," akasema, na akageuka kuendelea kuangalia.