Kumtafuta Daktari Toa Ulimi, Jinja hadi Mbale

Siku niliyokabidhiwa ofisi ya daktari wa karantini katika bandari yetu ya Mombasa, nyumbani walinipikia biriani. Baba yangu, Mwalimu Salim, mstaafu wa miaka sabini na sita, alikula akashiba, akanawa mikono, kisha akasema kama anayejisemea mwenyewe, "Kazi ileile ya yule mtu."

"Mtu gani, Baba?"

"Aliyenizaa."

Nikalirudisha tonge sahanini. Nimefika miaka arobaini na moja bila kuambiwa kwamba babu yangu alikuwa daktari, sembuse daktari wa karantini. Nilichokijua ni kile walichokijua wote nyumbani: kwamba Baba alizaliwa Jinja, Uganda, kwamba babu alimwacha mkewe na mtoto mchanga akaenda Mbale kutafuta mahari ya kuolea mke mwingine, na kwamba jina lake halitajwi. Baba anatumia jina la mjomba wake aliyemlea. Katika hitima zetu huombewa hata majirani waliohama zamani, lakini babu hapana.

Habari hiyo ya mahari aliisema Bibi Safina mwenyewe, mama yake Baba. Bibi alikuwa Msoga, wa hukohuko Jinja, na Kiswahili alikuja nacho Mombasa kutoka kwao kikiwa na l palipo na r. Barua kwake ilikuwa balua, harusi ilikuwa halusi, na barabara tusiseme. Sisi wajukuu tulimcheka, naye akatucheka sisi, na tuliendelea kumsahihisha mpaka Mungu akamchukua.

Nilimuuliza Baba kama anataka nikamtafutie watu wake. Akajibu kwamba kama nina likizo ya kuchezea, nikaicheze nitakako. Mimi nikaihesabu hiyo kuwa ruhusa. Baba hana kaka, hana dada, na kinyongo alicho nacho kwa marehemu baba yake amekibeba tangu utotoni. Nilitaka nijue kama kuna mtu wa damu yake aliyesalia huko kabla umri haujatufungia mlango.

Jumatatu nikapanda basi la Nairobi, na Jumanne saa tatu asubuhi nikawa Busia, mpakani. Binti wa idara ya afya, koti jeupe limepigwa pasi hasa, akaniomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi, ambaye nimewahi kuwazuia mabaharia wenye ndevu zao wasishuke melini kwa kukosa kadi hiyohiyo, nikapekua mkoba, nikapekua begi, nikarudi kwenye mkoba. Kadi ilikuwa Mombasa, juu ya friji.

"Unafanya kazi gani, mama?" akauliza.

"Daktari."

"Daktari wa nini?"

Nikashusha sauti. "Wa karantini."

Alicheka mpaka akaegemea meza, kisha akawaita wenzake watatu waje wanitazame. Ilinibidi nimpigie simu Baba aipige picha hiyo kadi. Ya kwanza ilikuja na kidole gumba chake kimefunika jina langu. Ya pili ikakubaliwa. "Siku nyingine vaa shingoni, daktari," binti akaniambia, na mimi nilistahili.

Jinja nilifika mchana. Ni mji wa barabara pana na maduka ya Kihindi ya zamani, majina ya wenyewe yamechongwa kwenye saruji juu ya milango, na chini ya majina hayo siku hizi yanauzwa magodoro na vifuniko vya simu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kisoga, Mama Babirye, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Alipojua kwamba bibi yangu alikuwa Msoga akanipunguzia masharti yote ya nyumba na kuniongezea ndizi kwenye sahani.

Jumatano na Alhamisi zilinivunja moyo. Gatini, kando ya ziwa, nilikuta mashua chache na ndege korongo wamesimama kwenye jaa kama makarani waliocheleweshewa mshahara. Ofisini wakanijibu kwa upole kwamba karatasi za zama hizo hawanazo. Msikitini nikauliza kama kuna amjuaye Daktari Farajala, Mnubi (jina na kabila nilivisoma kwenye cheti cha kuzaliwa cha Baba), aliyekuwa akiwapima abiria wa meli. Wakatazamana, wakauliza wazee wao kwa simu, wakanikaribisha chai. Farajala hawakumjua.

Jioni Mama Babirye akanionea huruma. "Mwanangu, hapa Kiswahili tulikisikia kwa askari, tukakiogopa. Kama wataka mtu wa kuongea na wewe Kiswahili mpaka uchoke, enda kwa Afande Opio. Hata siri za marehemu anajua."

Ijumaa asubuhi nikamkuta huyo Afande Opio, askari magereza mstaafu, amekaa wima katika duka la mikate la mkewe, shati limechomekwa. Nikamtajia Farajala.

"Hapana. Mimi sijui Farajala."

"Alikuwa daktari gatini, afande. Miaka ya zamani sana."

"Madaktari walikuwa wengi. Huyo yako alikuwa anafanya nini?"

Nikamweleza kazi yenyewe, maana ndiyo kazi yangu: unawapanga abiria mstari kabla hawajachanganyika na watu wa mji, unawatazama macho, unawashika paji la uso, unawaambia watoe ulimi...

Afande akasimama ghafla, mkate ukaanguka. "Toa Ulimi! Wewe mama, unatafuta Daktari Toa Ulimi, na unasema Farajala! Nani atajua Farajala?" Akamwita mkewe kutoka nyuma. "Kuja uone! Mjukuu ya Toa Ulimi!"

Ikawa kicheko dukani. Mama yake Afande alikuwa akiuza chai gatini, na ndiye aliyemsimulia. Hakuna aliyeshuka melini bila kusimamishwa mbele ya daktari huyo mrefu na kuambiwa "toa ulimi", awe mkubwa au mdogo. "Hata bwana mkubwa mzungu alitoa," Afande akasema, akautoa wake kunionyesha, na mkewe akautoa, na mteja aliyekuja kununua mkate akautoa pia bila kujua kwa nini. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Kwa mara ya kwanza maishani babu yangu alikuwa mtu, mwenye urefu na mwenye sauti.

"Alienda Mbale, hakurudi kazi hapa tena," Afande akaendelea. "Lakini mtoto yake, ule msichana, iko. Mimi nilikuwa kazi Mbale, nilinunua kawa kwake. Enda Namakwekwe, uliza Hajati Kaltuma. Kama hawajui, sema Toa Ulimi."

Nilimwomba arudie neno mtoto. Akalirudia. Baba alikuwa na dada.

Jumamosi alfajiri nikaagana na Mama Babirye, aliyenifungia ndizi za kutosha kikosi. Njia ya Mbale inapita kwenye mashamba ya mpunga yaliyotanda maji kushoto na kulia, na kabla hujafika, majabali ya Wanale yanakuinukia mbele kama ukuta wa mtu asiyetaka kuonwa uani. Mji umejilaza chini yake, maduka ya jumla, misikiti, mabasi yanayoita abiria wa Kampala na wa Kenya. Kijana wa bodaboda nilimwambia Namakwekwe kwa Hajati Kaltuma, akakuna kichwa. Nikasema Toa Ulimi. "Panda," akasema.

Namakwekwe ni safu za vyumba vya kupanga, vioski na nguo zilizoanikwa. Tulisimama mbele ya nyumba fupi ya vyumba viwili, ya zamani kuliko jirani zake, na barazani ameketi mama aliyezidiwa na Baba miaka kadhaa, kajitanda nguo nyekundu, anasuka kawa la kufunikia chakula kwa nyuzi za rangi nne. Nilitoa salamu. Nikampa simu yenye picha ya Baba.

Aliitazama. Akaitazama tena, akaisogeza mbali na macho. "Huyu ni baba yangu," akasema. "Nani alimpiga picha na simu? Baba alikufa zamani."

"Huyo ni Salim, Hajati. Mtoto wa Safina. Mimi ni binti yake."

Hajati Kaltuma alipiga kigelegele kilichowatoa wapangaji wote vyumbani. Alinikumbatia, akanisukuma mbali anione, akanikumbatia tena. Tulilia sote wawili, na jirani mmoja akalia nasi bila kuambiwa habari. Kisha akaniketisha, akaleta kisra, ile mikate ya Kinubi myembamba kama karatasi, na malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga. "Kula kwanza," akasema. "Maneno hayapoi."

Lakini mimi nilikuwa na neno, na nikalitoa. Nilimwambia kwamba Baba hajamsamehe babu kwa kuwaacha akaja huku kutafuta mahari.

"Mahari ya nani?" Hajati akauliza.

"Ya mke mwingine. Pengine mama yako."

"Mama yangu, Baba alimuoa baada ya miaka saba! Mahari gani? Baba alikuja kutafuta mahali."

"Ndiyo, mahari."

"Mahali!" Akapiga sakafu kwa kiganja. "Wewe husikii? Mahali! Hii! Nyumba hii!"

Ndipo akanieleza, na kila sentensi yake ilinishusha kichwa. Ndui ilikuwa imeingia pande za Mbale, na daktari wa Jinja akaamriwa kuja kufungua karantini. Akamwambia mkewe amngoje na mtoto wakati yeye anatafuta mahali pa kuwaweka. Akaipata nyumba hii. Kabla hajaenda kuwachukua, wagonjwa wakazidi, akafungiwa ndani ya karantini pamoja nao. Hakuruhusiwa kutoka, yeye wala barua yake. Aliporuhusiwa, alikuta chumba cha Jinja kitupu. Kaka yake Safina, mtu wa reli, alichoka kumwona dada yake akingoja, akamchukua na mtoto hadi Mombasa. Babu aliandika barua hata hakujua azitume wapi, kwa kuwa Mombasa ndilo jina pekee alilokuwa nalo.

Basi Bibi Safina hakutudanganya hata siku moja. Alisema mume wake alikwenda Mbale kutafuta mahali. Alilisema vizuri, kama linavyosemwa. Sisi watu wa Pwani, kwa ujuaji wetu wa lugha, tulikuwa tumezoea kuzigeuza l zake kuwa r, tukaligeuza na hilo. Niliona aibu mbele ya sahani ya malewa.

Hajati, yeye, alishaanza kucheka. "Basi kaka yangu yuko hai! Unajua mimi naolewa?"

Nikadhani sijasikia sawasawa, na siku hiyo sikuwa na imani na masikio yangu.

"Naolewa," akarudia, akirekebisha mtandio. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, na sasa Mzee Swalehe, aliyefiwa na mkewe, mwenye duka la misumari na bawaba, amemposa. Nikahi ilikuwa Ijumaa ya tatu kutoka hapo. "Baba hayuko, ndugu sina, shehe alisema atasimama yeye kuwa walii wangu. Mtu mzima wa miaka yangu, naozwa na walii wa kuazima! Mpigie kaka yangu sasa hivi."

Nilimsihi aniachie niende mwenyewe. Jambo kama lile halipitishwi kwenye simu, na nilimjua Baba; angesema namba imekosewa. Akakubali kwa shingo upande. Jumapili akanisindikiza mpaka stendi na kawa jipya, akawatangazia abiria wote kwamba mimi ni binti wa kaka yake mkubwa.

Nilirudi kwa njia ya Malaba, na Jumanne mchana nikawa Mombasa. Njia nzima nilikuwa nikilipima nililojifunza, nalo ni dogo: mtu akisema neno, mwache kwanza alimalize, usikimbilie kumtengenezea. Nimewasahihisha wagonjwa wengi mno katika kazi yangu, na wengine pengine walikuwa sahihi.

Baba nilimkuta anasoma gazeti. Nilimsimulia kuanzia duka la mikate. Kwenye Toa Ulimi alitabasamu kidogo, akajizuia. Nilipofika kwenye neno lenyewe, akavua miwani.

"Sema tena."

"Mahali, Baba."

"Tena."

Nikalisema. Alilitamka mwenyewe taratibu, mara mbili, kama alivyokuwa akiwatamkia watoto darasani, kisha akajifunika uso kwa gazeti. Alilia muda mrefu, nami nikalia kwa kumwonea huruma, na kwa furaha pia, siwezi kuitenganisha. Alipomaliza akamwombea baba yake rehema kwa jina lake kamili, Farajala, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

Baada ya hapo nikamweleza habari ya posa. Akakaa wima.

"Huyo Swalehe ni mtu wa namna gani?"

"Anauza misumari."

"Sikuuliza anauza nini. Anaswali? Ana maneno mengi?"

"Sijui, Baba. Sikumwona."

"Umekwenda mpaka Mbale hukumwona mtu anayetaka kumwoa dada yangu!" Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake, na Ijumaa ile bado iko mbali. "Lete simu. Mwambie shehe akae chini. Na huyo bwana mwambie mahari isitajwe mpaka nifike. Kaltuma ana wenyewe."